Mtoto wa mwenzangu ametembea na miezi kumi, wangu bado anasota

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 27, naishi Buhongwa, Mwanza, mtoto wangu wa kwanza ana miezi 11. Mume wangu ananunua dagaa soko la Mwaloni na kuwapeleka Shinyanga, mimi nauza rejareja nyumbani na kwenye status. Kuna rafiki yangu tuliyelala bweni moja sekondari, alijifungua wiki mbili kabla yangu. Mume wake yuko mgodini Geita. Mtoto wake ametembea na miezi kumi, ana chumba chake, anakunywa maziwa ya kopo ya bei mbaya, anakula vitu ambavyo sijui hata majina, na kila siku mama yake anaweka video. Wangu hata kutambaa hajatambaa, anasota kwa makalio. Akishika ndoo anasimama, ila hapigi hatua. Usiku nikinyonyesha naangalia hizo video mpaka saa nane. Juzi alimwaga uji nikamfokea, halafu nikalia mimi. Nataka kukopa laki tatu kwenye kikoba nimfanyie bethidei ya maana ufukweni. Mume wangu anasema nizime simu. Mama, nina wivu? Au mtoto wangu ana tatizo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mawili, na kuna la tatu ambalo hukuliuliza lakini limo humo ndani ya barua. Nianze na mtoto, maana mama mwenye hofu juu ya mwanawe hasikii lingine lolote analoambiwa.

Mtoto wa miezi 11 anayekaa mwenyewe, anayesota kukifuata kitu anachokitaka, na anayesimama akishika ndoo, hajachelewa. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano (Ghana, India, Norway, Oman na Marekani), na matokeo yakatoka mwaka 2006. Kutembea bila kushikwa kulianza popote kati ya miezi 8.2 na miezi 17.6. Hebu pima hilo pengo: ni miezi tisa na zaidi, mimba nzima. Mmoja anatembea kabla hajaota meno ya kutosha, mwingine anatembea yuko karibu na mwaka na nusu, na daktari akiwatazama wote wawili hana la kuandika. Kuhusu kutambaa, karibu watoto 4 kati ya 100 katika uchunguzi huohuo hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Wasiotambaa hupata njia nyingine, na kusota ni mojawapo. Kaka yangu alisota mpaka kaptula zikatoboka nyuma. Leo ni fundi wa mitumbwi, na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza alitambaa lini.

Mpeleke kituo cha afya ukiona anatumia upande mmoja tu wa mwili, mkono mmoja umekunjwa au mguu mmoja unaburuzwa. Mpeleke pia kama hageuki ukimwita jina, hatoi sauti za "baba-baba, dada-dada", au anakuwa mlegevu sana au mkakamavu sana ukimnyanyua. Kubwa kuliko yote ni mtoto kupoteza alichokuwa anakiweza: alikuwa anakaa, sasa hakai. Hapo usingoje tarehe ya kliniki. Na kama atafika miezi 18 hajatembea, mpeleke apimwe hata kama bibi yake anasema ukoo wenu wote mlichelewa.

Sasa wewe. Ndiyo, una wivu. Nakujibu hivyo waziwazi kwa sababu najua ukiwauliza mashoga zako watakuambia "hapana mpenzi, wewe huna roho hiyo," na utarudi nyumbani na wivu wako uleule, safari hii ukiwa umeongezewa aibu. Ila Kiswahili chetu hakikuchanganya mambo haya kwenye kapu moja. Mwenye wivu anasema: na mimi ningepata. Mwenye husuda anasema: na yeye akose. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomwombea mwenzio mabaya, sikupaona. Hukusema mtoto wake aanguke. Umetamani wako asimame. Hiyo ni njaa, na njaa huwa inaonyesha kitu gani hakipo mezani. Nitakirudia hicho kitu.

Kabla sijasomea ushauri nasaha nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, miaka mingi, huku huku kando ya ziwa. Kwa hiyo usiniambie kujilinganisha kumeletwa na simu. Unalijua lile benchi la saa mbili asubuhi. Akina mama wameketi, kila mmoja na kadi yake, na macho yanatembea: wa huyu kanenepa, wa yule ana meno manne, yule pale kavalishwa soksi nyeupe na joto hili. Mzani umening'inia kwenye boriti. Mtoto anavishwa ile kaptula yenye kamba, anatundikwa kama sangara, anapiga kelele mpaka kope zinabadilika rangi, na mara nyingi anamkojolea muuguzi. Nimekojolewa sana.

Pale kwenye benchi mlijilinganisha kuliko hata Instagram. Tofauti ni kwamba mliona vyote. Yule wa soksi nyeupe ulimwona anavyolia akitundikwa. Ulimwona mama yake macho mekundu kwa kutolala, kisigino kimepasuka, blauzi ina doa la maziwa. Alikuuliza, "Wako anaharisha akiota meno?" ukajua kumbe wake anaharisha. Uzuri wa mwenzio ulikujia pamoja na gharama yake, kwenye benchi moja, asubuhi moja. Simu inakuletea uzuri peke yake, gharama imebaki Geita. Hilo ndilo lililobadilika, na mimi naona ndilo linalokuumiza zaidi ya chumba cha mtoto.

Jumapili moja nilikuwa nimekaa karibu na Jiwe la Bismarck, pale ziwani, napunga upepo. Ikaja familia na mpiga picha: baba, mama, binti wa kama mwaka mmoja na gauni la malaika. Jiwe la kukalia lilikuwa la moto, mtoto akaunguzwa mapaja, akalia. Akapewa biskuti, akanyamaza, gauni likachafuka. Likafutwa kwa mate na kitambaa. Baba akaambiwa atabasamu, akasema ametabasamu tangu saa tisa. Kivuko cha Kamanga kiliondoka na kingine kikaingia, bado wako kwenye picha moja. Hatimaye mpiga picha akapiga makofi, mtoto akashtuka akamtazama, na kwa sekunde hiyo moja wote watatu walikuwa wazuri kama kalenda. Ninaamini ile picha ipo kwenye simu ya mtu sasa hivi, saa nane usiku, na mtu huyo anajiuliza kwa nini familia yake haikai hivyo.

Lakini sitakuambia kwamba rafiki yako anadanganya. Washauri wengi wanapenda kumfariji mtu kwa kumwambia "hao wote wanaigiza, ukifungua mlango utakuta wanalia." Mimi sijaingia kwake. Huenda halii. Huenda mume wake ana mshahara wa tarehe moja kila mwezi, msaidizi wa kazi yupo, na anasinzia mchana. Ukijenga amani yako juu ya kuamini kwamba mwenzio ana mateso ya siri, siku utakayomkuta amenawiri kweli amani hiyo itabomoka. Na ndiyo mlango wa ile husuda niliyosema huna.

Umewahi kujiuliza kwa nini unaumizwa na yeye, na si mke wa msanii mwenye jumba la ghorofa? Mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliliandikia jambo hili mwaka 1954, kabla ya simu hizi. Alisema mtu akikosa kipimo cha uhakika cha kujua kama anafanya vizuri, hujipima kwa watu, na huchagua wanaofanana naye. Bweni moja, sare moja, mimba zimepishana wiki mbili: huwezi kupata anayefanana nawe kuliko huyo. Na uzazi wa kwanza hauna matokeo yanayobandikwa ukutani. Kwa hiyo moyo wako umefanya kazi yake ya kawaida, umetafuta kipimo ukakuta kilicho karibu. Kosa ni la kipimo. Yeye anaishi kwa mshahara. Nyinyi mnaishi kwa mwezi wa angani: giza likiingia taa zinawaka ziwani, dagaa wanafuata mwanga, pesa inaonekana, na mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala na mfuko unalala. Ukichukua video yake ya tarehe 15 ukaiweka kando ya jikoni lako la mbalamwezi, hujawalinganisha akina mama wawili. Umelinganisha mishahara.

Kuhusu hayo maziwa ya kopo, hapo nitakuwa mkali kidogo. Nchi za dunia zilikubaliana tangu 1981 juu ya kanuni za kudhibiti utangazaji wa maziwa mbadala ya watoto, na biashara ikahamia kwenye simu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilionyesha kampuni za maziwa hayo zikiweka machapisho mitandaoni karibu mara 90 kwa siku, yakiwafikia watumiaji milioni 229. Mengi hayana sura ya tangazo. Yana sura ya mama mwenzio anayekupa ushauri. Kuna watoto wanaoyahitaji kweli maziwa hayo kwa sababu za kiafya na mama zao hawana la kuona haya. Wako ananyonya. Ushauri wa shirika hilo ni anyonye hadi miaka miwili au zaidi, huku anakula.

Na anakula nini? Umesema rafiki yako analisha vitu usivyojua majina, wakati ndani kwako kuna gunia la dagaa. Mwanangu! Dagaa analiwa na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata madini ya kujenga mifupa pamoja na protini, chuma na zinki, katika samaki mdogo kuliko kidole chako. Chagua waliokaushwa juu ya chanja, maana wa mchangani watakusumbua. Toa vichwa kama vinaleta uchungu, osha mara mbili tatu, kaanga bila mafuta mpaka wawe wakavu wa kuvunjika, twanga, chekecha. Kijiko kimoja kwenye uji au kwenye viazi vya kupondwa. Mbogamboga pembeni, parachichi au embe likiwa msimu wake. Sahani hiyo haipendezi kwenye picha kwa sababu ni ya kijivu. Tumbo la mtoto halina kamera.

Turudi kwenye saa nane usiku, maana naona hapo ndipo moto unapochochewa. Programu hizi zinajifunza kutokana na pale jicho lako linapokawia. Hazijui kama umekawia kwa kufurahi au kwa kuumia. Ukitazama video ya mtoto anayetembea mpaka mwisho, huku machozi yanakulenga, kesho utaletewa kumi za watoto wanaotembea. Ni kama dagaa na karabai: anayeifuata taa haulizwi kwa nini ameifuata. Na wewe muda huo umechoka, uko peke yako, nyumba kimya, mtoto ananyonya. Hata mimi mzee ningeonewa saa hiyo.

Sikuambii uifute programu. Unauza dagaa kwenye status, huko ndiko wateja walipo, na mume wako akisema "zima simu" amesahau kwamba anakuambia funga duka. Mfanyie rafiki yako jambo dogo: bonyeza jina lake kwenye status, ushikilie, chagua kunyamazisha. Yeye hataarifiwa, hakutakuwa na maneno ya "fulani kaniondoa", na urafiki unabaki. Kule kwenye video, kila ikija ya mtoto ajabu ibonyeze uchague kwamba haikuvutii. Fanya hivyo wiki nzima bila kuchoka. Na simu usiku iache ichaji mbali na kitanda, sebuleni ikiwezekana. Siku tatu za kwanza utahisi mkono hauna kazi. Ukitaka sauti, weka redio chini kabisa.

Kisha mpigie rafiki yako. Piga, usimwandikie. Muulize jana usiku mtoto kamwamsha mara ngapi. Msikilize anavyojibu, na wewe mwambie wako anasota. Mtakuwa mmekaa tena benchi moja.

Sasa mume wako, kwa kuwa naona anasoma juu ya bega lako. Baba, wakati wa mbalamwezi mzigo ni mdogo na wewe uko nyumbani zaidi. Basi asubuhi hizo mtoto ni wako kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu. Mpe uji, mwoshe, tembea naye mpaka barabarani. Mama yake alale bila mtu kumwita. Ile njaa ya mkeo niliyosema nitairudia, nadhani nusu yake ni usingizi. Nusu nyingine ni mtu wa kumwambia kwamba anafanya vizuri, na hilo halihitaji kusubiri dagaa wapande bei.

Uji uliomwagika: ulifoka, ukalia. Ulimchukua mtoto baadaye? Nahisi ulimchukua. Mtafiti wa Marekani, Edward Tronick, aliyewachunguza mama na vichanga uso kwa uso kwa miaka mingi, alikuta kwamba hata wale wanaokwenda vizuri huwa wanapatana kihisia kama asilimia 30 tu ya muda. Muda uliobaki wanapishana na kurudiana. Kule kurudiana ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba mambo yakiharibika hutengenezeka. Ukifoka, chuchumaa, mshike, mwambie "mama alikasirika, pole." Haelewi maneno, anaelewa mikono.

Hapo ndipo lilipo lile swali la tatu. Umelia kwa ajili ya uji, na hulali. Nataka ujijibu bila haya: kwa wiki mbili sasa au zaidi, umekosa hamu ya vitu ulivyokuwa unavipenda? Mtoto akilala na simu ikiwa mbali, bado usingizi hauji? Unajiona hufai, siku baada ya siku? Sonona ya baada ya kujifungua haiishii kwenye arobaini. Inaweza kuanza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza, na mara nyingi huvaa nguo za kujilinganisha, mtu akadhani tatizo lake ni video za mwenzie. Ukijijibu ndiyo, nenda kliniki ileile unayompeleka mtoto, umwambie muuguzi kwamba leo umekuja kwa ajili yako. Kuna maswali 10 yanayotumika duniani tangu 1987 kuipima hali hii, dakika chache tu. Ikihitajika watakupa rufaa, na hospitali ya Bugando wapo madaktari wa afya ya akili. Inatibika. Na kama limewahi kukupitia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, hata mara moja, nenda hospitali leo pamoja na mtu unayemwamini, usisubiri kesho.

Laki tatu, hapana. Mkopo wa kikoba ni wa mzigo wa dagaa, si wa keki. Mzigo unarudi na faida, keki inaliwa saa moja, na marejesho yatakukuta mbalamwezi. Hesabu mwenyewe bethidei inaangukia lini kwenye mwezi. Huenda ikawa wakati mitumbwi imelala. Mtoto wa mwaka mmoja hajui ufukwe wa hoteli. Anajua mikono na sufuria. Pika wali, tafuta sato mmoja mzuri, waite majirani wawili wenye watoto, mpe mwiko apige bakuli. Ukipenda piga picha, weka status. Ila ukumbuke na wewe kuna mtu anakutazama: ukiweka picha ya mtoto amekaa katikati ya dagaa waliotandazwa, jua la jioni, naapa kuna mama mahali fulani Sengerema ataitazama aseme yule binti kafanikiwa, ana biashara, ana mtoto mnene.

Nikuombe kitu kimoja. Barua yako yote imejaa mtoto wa mwenzio: umri wake, chumba chake, hatua zake. Wa kwako umenipa miezi na makalio tu. Chukua kadi yake ya kliniki. Angalia kwanza kama chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na matone ya vitamini A vimeandikwa. Kama hakuna, usisubiri ya miezi 18. Halafu mwezi huu mpeleke akapimwe, atalia kwenye ule mzani, mwache alie. Uniandikie uzito wake wa mwezi huu na wa mwezi uliopita. Hizo namba mbili tu.